Namba za Bomba la Mbavuni

Jumatatu, tarehe 7, mwezi wa nane

Mwanangu mpenzi,

Daftari uliloniachia nimelifungua leo. Uliniambia kila Jumatatu niandike namba za yale mabomba uliyoyazika kwenye kilima chetu cha mchanga, na siku nyingine niandike ninachokiona, upepo, majani, wadudu, chochote. Lakini mimi siwezi kuanza na namba bila salamu, naona kama kuingia ndani kwa mtu bila kupiga hodi. Kwa hiyo pokea salamu kwanza.

Mimi mama yako ni mzima, isipokuwa lile goti, na hilo unalijua. Bibi yako ni mzima, anakula vizuri, anasikia anachotaka kusikia. Anauliza huko ulikokwenda kusoma kama wanakupa blanketi. Mdogo wako fundi baiskeli ni mzima, mikono yake ni grisi mpaka kwenye viwiko, anasema ukirudi usisahau zile spana ndogo. Jirani yetu Redio anakusalimu, na kwa kuwa salamu hizo amezitoa pale kisimani mbele ya watu, hesabu kwamba mji mzima umekusalimu. Mbuzi wake pia ni mzima, kwa bahati mbaya. Tonetone muuza maji na punda wake wanakusalimu.

Baba yako ni mzima. Nilimuuliza, "Nimwandikie nini mtoto kutoka kwako?" Akakaa. Akakohoa. Akasema, "Andika kwamba miti ni mizima."

Basi, miti ni mizima.

Sasa namba. Kile kipimo chako cha unyevu nimekiteremsha ndani ya mabomba kwa kamba kama ulivyonionyesha, kikalia pii, nikasoma. Bomba la kileleni, kwenye mchanga mtupu: tano. Bomba la mbavuni, katikati ya miti ya baba yako: tatu. Bomba la mguuni, karibu na nyumba ya zamani ya bibi: nne. Nimerudia mara mbili kila moja kwa kuogopa kukuharibia.

Alhamisi, tarehe 10

Leo nimepepeta mchele huku nikiwaza ule ugomvi wako na baba yako. Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia ambaye hatamwambia Redio.

Mimi nilikuelewa, mwanangu, hata kama sikusoma. Ulisema ndani ya kompyuta umejenga kielelezo, kilima chetu kizima kiko humo, na wewe unakinyeshea mvua ya hesabu na kukipandia miti ya hesabu ili uone miaka ijayo kitakuwaje. Ulisema mchanga mtupu ni kama sufuria yenye kifuniko, juu umekauka lakini chini umeficha maji. Penye miti mingi, mizizi inayanywa yale ya chini haraka kuliko mvua inavyoyarudisha. Ndiyo maana bomba la kileleni lina unyevu zaidi kuliko la mbavuni. Ukasema ikiachwa hivi itakufa yote kwa pamoja, na kilima kitaanza tena kutembea kutujia. Katika kila mitatu, ukatwe mmoja, miwili ipate kuishi.

Na mimi nilimwelewa baba yako. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu mchanga ulipoimeza nyumba ya bibi. Yeye alikuwa kibarua wa misitu, mshahara wa kibarua, akaomba miche ile iliyokuwa inatupwa, akaipanda mmoja mmoja kwa mikono yake, akaizungushia mabua ili upepo usiifukue. Kilima kikasimama. Hii nyumba tunayolala imesimama kwa sababu kile kilima kilisimama.

Alikuuliza, "Huo mmoja wa kukatwa, unaujua? Mimi naijua yote."

Ukamjibu, "Baba, mti hauishi kwa kupendwa."

Naye akasema lile neno, "Basi kaa na kompyuta yako, iwe ndiyo iliyokuzaa."

Ukaondoka asubuhi bila kumuaga. Yeye alikuwa macho, mwanangu. Alikuwa ameshavaa viatu.

Jumatatu, tarehe 14

Kileleni tano. Mbavuni tatu kasoro kidogo. Mguuni nne.

Niliporudi baba yako alikuwa anasuka kiti cha kamba. Bila kuinua uso akauliza, "Amepata ngapi?"

"Tatu kasoro."

"Kati ya ngapi?"

"Mimi nitajuaje? Pale pana alama ya asilimia, labda mia."

"Tatu kwa mia!" Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Nilicheka peke yangu jikoni. Nilikumbuka ulipofeli hesabu darasa la nne, akambebea mwalimu kuku ili akuongezee alama. Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani, kuku akarudi nyumbani, na wewe ukalia wiki nzima kwa aibu. Sijui kwa nini nimekumbuka hayo.

Jumanne, tarehe 15

Upepo. Mchanga umeingia mpaka kwenye kalamu.

Jumatatu, tarehe 21

Kileleni tano. Mbavuni mbili na nusu. Mguuni nne kasoro.

Miti ya katikati inaanza kuwa na rangi ya majivu, ile ya pembeni bado. Majani nikiyashika yanalia kama karatasi. Nilirudi roho imenywea, maana ni kama ulivyosema, na mimi sikutaka iwe kama ulivyosema.

Baba yako akauliza tena, "Amepata ngapi?"

"Mbili na nusu."

Akasukuma sahani. Chakula alichokiacha akakila mdogo wako, huyo haachi.

Ijumaa, tarehe 25

Baba yako siku hizi anatoka alfajiri. Nikimuuliza anasema anakwenda kunyoosha mgongo. Mgongo wake tangu tuoane haujawahi kunyooka, lakini nimenyamaza, mtu mzima haulizwi mara mbili.

Jumatatu, tarehe 28

Kileleni tano kasoro. Mbavuni tatu. Mguuni nne kasoro.

Mbavuni pamepanda! Nilirudia mara tatu.

Ijumaa, tarehe 1, mwezi wa tisa

Nimekung'uta viatu vya baba yako. Vina tope. Tope, mwanangu, msimu huu ambao hata mate ni ya kubana! Labda alipita kisimani.

Jumatatu, tarehe 4

Mbavuni nne. Kwingine kunashuka, pale kunapanda. Kileleni nne na nusu, mguuni tatu na nusu.

Nilipomwambia baba yako "Nne," alipiga mluzi. Bibi yako akasema, "Nani kaleta ndege ndani?" Tulicheka wote. Ningependa ungekuwepo usikie mluzi huo.

Jumatatu, tarehe 11

Mbavuni tano na nusu. Nimezituma kwa simu kama kawaida. Nilikuwa na furaha hata goti likatulia. Nilijiambia, Mungu ametusikia, miti itapona, mtoto atafurahi, baba atafurahi, watasalimiana.

Bomba la mguuni, tatu na nusu. La kileleni, nne na nusu. Karibu nisahau kuyaandika.

Jumatano, tarehe 13

Bibi yako ameomba apelekwe akaone nyumba yake. Tulimshika mkono, mdogo wako na mimi, mpaka mguuni pa kilima. Kumebaki kizingiti cha juu cha mlango tu, kimechomoza mchangani. Akakaa juu yake kama mtu aliyekaa kwenye benchi. Akasema, "Jikoni kwangu ni hapa chini. Kuna chungu niliacha na maji." Tukarudi.

Jumatatu, tarehe 18

Mbavuni sita.

Leo umepiga, na unajua tuliyosema, lakini naandika ya upande huu, maana upande huu hukuuona.

Nilikuwa nimeiweka simu mezani na sauti ya juu ili bibi asikie. Baba yako alikuwa mlangoni ananoa panga. Ukauliza, "Mama, huko kumenyesha?"

"Hata tone, mwanangu. Mawingu yanapita kama wageni wasiotaka kukaribishwa."

"Hakuna mtu anayemwaga maji karibu na bomba la mbavuni?"

Nami nikacheka. Nikasema, "Nani apande kilima kile na maji, na maji yenyewe ndiyo haya ya kugawana na punda?"

Baba yako aliacha kunoa. Niliona. Nilidhani amechoka.

Ukasema, na sauti yako ilikuwa ndogo, "Basi nimekosea mimi. Kielelezo kilisema pale pangeshuka mpaka moja. Pamepanda. Itakuwa mizizi sikuihesabu vizuri, au sijui mchanga wenyewe. Huenda baba alikuwa sahihi. Itabidi niwaandikie ofisi ya misitu kwamba miti isipunguzwe."

Bibi akasema, "Mwambieni ale." Ukacheka kidogo, ukaaga.

Nikamgeukia baba yako, nimefurahi kama mjinga. "Umesikia? Amesema huenda wewe ulikuwa sahihi! Haya, sasa mpigie, muweke mambo sawa."

Hakufurahi. Alikaa na lile panga mapajani. Baadaye sana akauliza, "Mama watoto, namba ikiwa kubwa si ndiyo kufaulu?"

"Mimi najua? Mwenye namba ni yeye."

"Ile sauti," akasema, "haikuwa ya mtu aliyefaulu."

Jumanne, tarehe 19

Leo hakutoka alfajiri. Amelala ameangalia dari.

Ijumaa, tarehe 22

Shati la kaki la baba yako halionekani, lile la kazini, lenye kifungo nilichokishona kwa uzi mweusi kwa kukosa wa kaki. Nimemlaumu mbuzi wa Redio. Redio amesema mbuzi wake hali nguo za wazee. Tangu hapo hatusemeshani.

Jumatatu, tarehe 25

Kileleni nne na nusu. Mbavuni nne. Mguuni tatu na nusu.

Mbavuni pameshuka. Nilipomwambia baba yako akasema, "Paache pashuke." Nilikasirika. Nikamwambia, "Wewe mtoto amekwambia ulikuwa sahihi na bado unamnunia?"

Jumatano, tarehe 27

Redio alikuja mbio, khanga inaburuta. Kumbe alisahau kwamba hatusemeshani.

"Shoga! Mumeo anakata miti! Yule yule aliyemfukuza mbuzi wangu na jiwe kwa kutafuna jani moja! Leo anakata kama anadaiwa!"

Nilipanda kilima na goti langu hivyo hivyo. Nilimkuta jasho linamtiririka, amevaa fulana tu, panga linakwenda juu na chini. Mti mmoja umelala, anauruka, anasogea. Mwanangu, ile miti aliyoizungushia mabua! Nikamshika mkono.

"Una nini wewe? Umeingiwa na nini?"

Akasema, "Si alitaka ikatwe? Inakatwa."

"Hasira za nini hizi, mzee? Mtoto ameshasema alikosea!"

"Niache nifanye kazi," akasema. "Mkono ukisimama moyo utasema usiendelee."

Nilishuka nalia. Watu walikuwa wamesimama barabarani wanatazama juu. Mmoja akasema, "Mzee wa miti amechoka na miti." Wakacheka. Na mimi, mwanangu, kwa hofu, nikakupigia papo hapo. Nikakwambia baba yako amepandwa na hasira, anaimaliza miti yote ili akuonyeshe. Ndivyo nilivyoona. Ndivyo nilivyosema.

Ulisema, "Mama, mwache," ukakata simu.

Alhamisi, tarehe 28

Alirudi jioni, hakula, akaomba simu. "Nataka kusema na Mwalimu." Ndivyo anavyokuita ukiwa hupo, hujui hilo. Nikapiga. Ikalia mpaka ikanyamaza. Nikapiga tena.

Akasema, "Basi. Ana kazi. Nitamwambia kesho."

Ijumaa, tarehe 29

Tumepiga tena. Hukupokea. Amekwenda kilimani.

Jumamosi, tarehe 30

Baba yako amefariki.

Ijumaa, tarehe 6, mwezi wa kumi

Siku zote hizi daftari lilikuwa juu ya kabati, na mimi nilikuwa naliogopa.

Mdogo wako ndiye aliyemkuta. Alikuwa amekaa, mgongo ameuegemeza kwenye mti, panga limesimama mchangani kando yake kama ameliweka kwa muda tu. Daktari alisema moyo. Tulimzika siku ya pili yake, usingeweza kufika hata kwa mabawa, usijilaumu kwa hilo. Watu walikuja wengi, hata wale waliocheka. Redio alipika siku zote hizo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakusema neno.

Bibi yako kila asubuhi ananiuliza, "Mwanangu bado yuko kilimani?" Siku ya kwanza nilimwambia ukweli, akalia kama mtoto. Siku ya pili akauliza tena. Sasa namwambia, "Yuko kilimani, mama." Si uongo. Kaburi lake liko njia ya huko.

Na wewe. Nilipokuambia kwenye simu, ulisema, "Amekufa ananichukia, mama. Nimemuua mimi na hesabu zangu, na hesabu zenyewe zilikuwa mbovu." Kisha ukasema, "Nipe muda." Nimekupa. Simu yako haipokelewi. Naandika hapa sasa kwa sababu hapa ndipo peke yake ninaposikika.

Jumatatu, tarehe 9

Kileleni nne. Mbavuni mbili. Mguuni tatu.

Sikutaka kupanda. Lakini ulinituma. Nilipoona ile mbili nilikaa chini. Nilijiambia kilima nacho kinafiwa.

Alhamisi, tarehe 12

Upepo wa kusogeza mchanga umeanza. Nimefagia mlangoni mara nne, na bado.

Jumatatu, tarehe 16

Kileleni nne. Mbavuni moja na nusu. Mguuni tatu.

Mwanangu, soma hapa polepole. Ukiwa umesimama, kaa.

Niliposhuka nilimkuta Tonetone nje, punda amefungwa kwenye mlimao wa Redio. Amevua kofia, anaizungusha mikononi.

"Mama, pole tena. Samahani, nimekuja na neno dogo la aibu. Naulizia dumu langu. Lile la njano. Mzee alikuwa nalo."

"Alikuwa nalo la nini?"

Akanitazama. "Kwani hukujua? Kila alfajiri nilikuwa namjazia pale njia panda. Akalibeba begani, huyo, kilimani. Nilikuwa namtania, 'Mzee, una mke wa pili huko juu, mbona anaoga sana?' Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia, 'Ni binti yangu, yuko kwenye mtihani. Kuna bomba lake pale katikati ya miti, kila Jumatatu linasahihishwa. Alama zake zinashuka. Sasa baba mtu nikae tu nitazame?'"

Mwanangu, nikakiweka chini kipimo chako.

Tonetone akaendelea, hakujua ananifanya nini. "Nikamwuliza, 'Lakini mzee, si mlinuniana?' Akasema, 'Aliyenuna ni mdomo.' Basi. Mpaka siku moja akaja mikono mitupu. Nikamwambia, 'Leo hatujazi?' Akasema, 'Nimemharibia mtoto. Kumbe hazikuwa alama. Kumbe alikuwa anakisikiliza kilima, na mimi nikawa pembeni napiga kelele.' Alikuwa na huzuni, mama. Nikamwambia, 'Mpigie umwambie.' Akasema, 'Nitampigia. Lakini kwanza nifanye alichosema, akija akute kimefanyika. Kusema sijui, mkono unajua.'"

Nilimpa Tonetone maji ya kunywa. Muuza maji nikampa maji, hata sikujua nafanya nini. Nikapanda tena kilima, mara ya pili kwa siku moja, goti halikuuma hata kidogo.

Wakati ule wa panga niliona miti iliyolala tu. Sikutazama iliyosimama. Leo nimetazama. Amekata mmoja, ameacha miwili. Amekata mmoja, ameacha miwili. Safu kwa safu, kwa mpango, kama mtu anayepunguza miche bustanini. Na kila mti alioamua uishi ameufunga kitambaa shinani ili asije akaukosea. Kitambaa cha kaki. Mwanangu, ni lile shati. Alilichana vipande. Mbuzi wa watu tulimsingizia.

Amefika kama nusu ya mbavu. Ule mti aliouegemea siku ile una kitambaa. Kina kifungo, na kifungo kimeshonwa kwa uzi mweusi.

Nyuma ya bomba lako, chini ya matawi, lilikuwepo dumu la njano. Mchanga pale umeganda kidogo kama gamba la mkate, kama mahali palipokuwa panamwagiwa maji kila siku. Na mimi napita hapo kila Jumatatu, macho yangu yako kwenye namba.

Jumanne, tarehe 17

Nimeshinda nimekaa na haya. Nimemwambia Redio, na nimemwambia akaseme kisimani, akaseme kwa sauti, wale waliocheka wasikie. Kwa mara ya kwanza nimemtuma kazi yake mwenyewe. Amekwenda analia.

Mdogo wako amelirudisha dumu. Tonetone amelikataa, amesema likae.

Jumatano, tarehe 18

Kijana wa ofisi ya misitu anasafiri kesho kuja huko kwenu kwenye mkutano. Nitampa daftari hili, nitalishonea kitambaa pande zote asilisome njiani. Kwa hiyo leo namaliza.

Nimekosa mwanangu, na kosa langu ni bichi, la juzi tu. Mimi ndiye niliyekuwa naingia ndani na uso wa msiba kila namba iliposhuka, mpaka mtu asiyesoma akadhani mtoto wake anafelishwa. Mimi ndiye niliyecheka ulipouliza kuhusu maji. Mimi ndiye niliyekwambia anakata kwa hasira. Simu zile ambazo hukupokea, alikuwa yeye, amekaa kwenye kiti alichokisuka, ameishika simu kwa mikono miwili kama yai.

Hukukosea. Usiwaandikie wale wa ofisi kwamba ulikosea. Kilima kilikuwa kinakauka kama ulivyosema, tazama namba za sasa. Ile mvua ambayo kompyuta yako haikuiona ilikuwa baba yako. Mtoe kwenye hesabu, namba za mbavuni za tangu mwisho wa mwezi wa nane mpaka mwisho wa mwezi wa tisa zifute, hesabu yako itakaa sawa. Mtoe kwenye hesabu tu.

Na usiseme tena alikuchukia. Alikubebea kuku mara ya pili, basi. Safari hii hakukuwa na mwalimu wa kumrudisha.

Bibi yako anakusalimu, jana amekula vizuri, ameuliza tena kuhusu blanketi. Mdogo wako anakusalimu, amelinoa lile panga kwenye jiwe la kunolea mpaka linang'aa. Redio anakusalimu. Tonetone na punda wanakusalimu. Kutoka kwa baba yako sina jipya. Miti yenye kitambaa bado ni mizima.

Sasa nakuomba jambo moja, na hili usilicheleweshe. Nusu ya mbavu bado haijapunguzwa. Vitambaa ameshavifunga safu kadhaa mbele ya pale alipoishia, kwa hiyo najua ipi ya kuacha. Baada ya hapo sijui, na upepo umeshaanza. Niendelee, mwanangu, mmoja kwa kila mitatu, au nisubiri mvua? Nikikata vibaya nitakuwa nimewaharibia wote wawili. Mimi na mdogo wako tuko tayari, tunangoja neno lako tu. Kama sauti bado haitoki, andika neno moja kwenye simu, "kata" au "acha," nitalielewa, nami nitajua uko hai na umelisoma hili. Upesi, mwanangu. Upesi.

Mama yako